Sura ya Tano: Nani Ashike Kalamu?

Mchana mmoja katikati ya miaka ya 1960, watumiaji wa kompyuta kuu ya chuo cha MIT, Marekani, walikutana na jambo la kushangaza. Kila walipoingia kwenye mfumo, mashine zao zilizoea kuwachapia tangazo la siku. Siku hiyo zilichapa orodha nzima ya manenosiri ya watumiaji wote. Mfumo wenyewe uliitwa CTSS. Ulikuwa miongoni mwa mifumo ya kwanza duniani kuwawezesha watu wengi kutumia kompyuta moja kwa wakati mmoja, na miongoni mwa ya kwanza kumpa kila mtu nenosiri lake.

Hakukuwa na mwizi. Msimamizi mmoja alikuwa akihariri tangazo la siku, na mwingine, wakati huohuo, akihariri faili la manenosiri. Programu ya kuhariri ilikuwa imetungwa kwa kudhani kwamba mtu mmoja tu ndiye angekuwa akifanya kazi katika eneo hilo la mfumo, hivyo mafaili ya muda ya wote wawili yakapewa jina moja. Yakabadilishana nafasi. Fernando Corbató, aliyeongoza ujenzi wa CTSS, alikisimulia kisa hiki katika mhadhara wake wa Tuzo ya Turing, aliyotunukiwa mwaka 1990.

Nimeanza na kisa hicho kwa sababu wahusika wake wote walikuwa watu wema wenye haki kamili ya kufanya walichofanya. Hivyo ndivyo mambo yanavyoharibika katika ofisi zetu pia. Wasilisho la bajeti huharibiwa mara nyingi zaidi na mwenzako aliyetaka kusaidia kuliko na adui.

PowerPoint ilipotoka mwaka 1987, ikiwa bidhaa ya kampuni ndogo ya Forethought iliyonunuliwa na Microsoft mwaka huohuo, faili la wasilisho lilikaa kwenye kompyuta ya mtu mmoja. Wengine walipewa karatasi. Mwaka 2007 Google ilileta mawasilisho yanayoandikwa ndani ya kivinjari, watu kadhaa wakiwa juu ya slaidi moja, na PowerPoint ya mwaka 2010 ikaanza kuruhusu uhariri wa pamoja. Leo afisa mipango aliyeko Dodoma, mhasibu aliyeko Mwanza na mkurugenzi aliye safarini na simu yake wanaweza kuandika kwenye slaidi ileile kwa dakika ileile. Ni neema kubwa kwa kazi. Lakini waliosema manahodha wengi chombo huenda mrama walijua wanachokisema.

Kanuni ninayoitetea katika sura hii ni moja: haki ya kuhariri iende pamoja na wajibu wa kujibu. Ambaye swali likiulizwa kikaoni kuhusu slaidi fulani atasimama kulijibu, huyo apewe ruhusa ya kuibadilisha. Wengine wote wapewe nafasi ya kusoma na kusema. Kumnyima mtu uhariri kwa msingi huo si kumtilia shaka, kwa sababu kipimo ni kazi aliyopewa, na kila mtu anaweza kukiona.

Unaogopa nini hasa?

Wengi hutafuta kitufe kabla ya kujua wanajikinga na nini. Hofu zinazomfanya mtu atake kufunga wasilisho ni tatu, na dawa zake hazifanani.

Ya kwanza ni kuguswa kwa bahati mbaya. Mtu anafungua wasilisho kwenye simu akiwa ndani ya daladala, kidole kinateleza, kisanduku cha maandishi kinahama au sifuri moja inafutika. Katika programu za mtandaoni badiliko huhifadhiwa lenyewe, papo hapo. Aliyelifanya huenda asijue kabisa.

Ya pili ni kubadilishwa kwa makusudi bila makubaliano. Mwenzako anaona takwimu za idara yake zinamweka mahali pabaya, anazirekebisha kimyakimya. Au sentensi iliyopitishwa na kikao haimpendezi, anaandika yake. Huenda ana hoja nzuri, lakini hoja hiyo haikupita mezani, na atakayesimama mbele ya wajumbe atasoma maneno asiyoyajua.

Ya tatu ni kuvuja: bei ya zabuni, mishahara, majina ya wagonjwa. Hapa lazima niseme wazi, kwa kuwa watu wengi hujifariji bure. Kuzuia kuhariri hakuzuii kusoma. Anayeweza kuona slaidi anaweza kuipiga picha kwa simu. Dhidi ya kuvuja, kinga ya uhakika ni kupunguza idadi ya wanaoona, na kutoweka kwenye slaidi kile ambacho hakikuhitajika hapo.

Maandishi ukutani na kufuli mlangoni

Ndani ya PowerPoint, ukifungua menyu ya File kisha Info, utakuta sehemu ya kulinda wasilisho yenye hiari kadhaa zilizopangwa pamoja kana kwamba zina nguvu sawa. Hazina.

Iliyo maarufu zaidi ni "Mark as Final". Ukiichagua, anayefungua faili huona utepe wa njano unaomwambia kwamba mwandishi amemaliza kazi. Kando yake kuna kitufe cha "Edit Anyway", na akikibofya anaendelea kuhariri kama kawaida. Hiari ya kufungua kwa kusoma tu hufanya kazi kwa namna hiyohiyo, na faili lililohifadhiwa kwa umbo la .ppsx, ambalo hufunguka moja kwa moja kama maonyesho, bado linaweza kufunguliwa kutoka ndani ya PowerPoint likahaririwa. Hizi zote ni kama yale maandishi makubwa kwenye kuta za nyumba zetu, NYUMBA HII HAIUZWI. Yanamwonya mtu mwaminifu asidanganyike, na kazi hiyo yanaifanya vizuri sana. Hayamfungii mtu mlango. Kwa hofu ya kwanza, ya bahati mbaya, yanatosha.

Nguvu zaidi inapatikana kwenye nenosiri la kurekebisha. Wakati wa kuhifadhi faili kwa kompyuta ya Windows, fungua Tools halafu General Options, utaona visanduku viwili: nenosiri la kufungua na nenosiri la kurekebisha. Ukijaza cha pili peke yake, kila mtu atasoma na wenye nenosiri tu watabadilisha. Kwa mawasilisho ya kawaida ya ofisi, kufuli hiyo inafaa. Fahamu tu mipaka yake. Tangu mwaka 2007, faili la .pptx ni furushi la mafaili madogo yaliyobanwa pamoja, na sharti la nenosiri la kurekebisha ni mstari mmoja tu ndani ya furushi hilo. Yaliyomo hayajafichwa kwa msimbo. Mtu mwenye ujuzi na nia anaweza kulifungua furushi na kuuondoa mstari huo.

Nenosiri la kufungua ni jambo jingine. Hilo huyageuza yaliyomo kuwa msimbo kwa njia iitwayo AES, na ukilisahau, hata Microsoft haiwezi kukurudishia faili lako. Lakini likitumika peke yake, ukishampa mtu nenosiri hilo umempa kila kitu: atasoma na atabadilisha. Linajibu hofu ya tatu, na halijibu ya pili. Ukiamua kulitumia, lihifadhi mahali ambapo mtu wa pili ofisini anaweza kulipata ukiugua, na usilitume kwenye ujumbe uleule unaobeba faili.

Kwa wajumbe ambao kazi yao ni kusoma tu, njia nyepesi kuliko zote ni PDF, umbo lililoletwa na Adobe mwaka 1993 na kuwa kiwango cha kimataifa cha ISO mwaka 2008. Miondoko na video hazitasafiri nayo, na zipo programu zinazoweza kuibadilisha. Hata hivyo, atakayeibadilisha atalazimika kukusudia, na faili lako la asili litabaki lilivyo. Maafisa wengi wangejiepusha na usumbufu mwingi kama wangejijengea mazoea ya kupeleka PDF kwa wajumbe na kubaki na .pptx ndani ya kamati ya maandalizi.

Kuna pia kinga ndogo ya ndani ya slaidi. Nembo, jina la taasisi na tarehe viwekwe kwenye slaidi mama, ile inayobeba muundo wa slaidi zote, ili asiyekusudia asivisogeze. Matoleo mapya ya PowerPoint yanakuruhusu kubofya picha au kisanduku kwa kitufe cha kulia cha kipanya na kukifunga kisihame. Mhariri yeyote anaweza kukifungua tena, ila vidole vinavyoteleza vitakuwa vimezuiwa.

Faili moja, ruhusa nyingi

Kila unapotuma wasilisho kama kiambatisho, kwa barua pepe au kwa WhatsApp, unazaa nakala. Ndipo yanapotokea mafaili yenye majina kama "Bajeti mwisho", "Bajeti mwisho kabisa" na "Bajeti mwisho kabisa 2", kila moja likiwa na badiliko ambalo mengine hayana. Hakuna nenosiri linaloweza kuwarudisha watoto hao nyumbani. Suluhisho ni kuacha faili likae mahali pamoja na kuwapa watu kiungo chake.

Kwenye Google Slides, kila unayemwalika hupewa ngazi moja kati ya tatu: mtazamaji, mtoa maoni au mhariri. Kwenye OneDrive na SharePoint unaamua kama kiungo kinaruhusu kuhariri au kuona tu, na kama kinafunguka kwa yeyote, kwa wafanyakazi wa taasisi, au kwa watu uliowataja kwa majina. Jerome Saltzer na Michael Schroeder, katika makala yao ya mwaka 1975 kuhusu ulinzi wa taarifa ndani ya kompyuta, waliweka kanuni ambayo wataalamu wa usalama wanaifuata hadi sasa: kila mtumiaji apewe haki zile tu ambazo kazi yake haiwezi kufanyika bila hizo. Mwaka huo hakukuwa na PowerPoint, lakini kanuni hiyo inaeleza vizuri jinsi ya kujaza orodha yako ya wahariri.

Mseto mbaya kuliko yote ni "yeyote mwenye kiungo" ukiunganishwa na ruhusa ya kuhariri. Kiungo kikitupwa kwenye kundi la WhatsApp la idara, jioni kinaweza kuwa kwenye kundi la ukoo. Atakayeingia bila akaunti hutamwona kwa jina, na badiliko lake halitakuwa na mwenyewe. Taja watu kwa anwani zao, hata kama kuwaandika mmoja mmoja kunachosha.

Baada ya hapo fungua mipangilio ya kushiriki. Google humruhusu mhariri kuwaalika wengine na kubadilisha ruhusa zao; ondoa alama hiyo, vinginevyo orodha uliyoipanga itapanuka bila wewe kujua. Unaweza pia kuwazuia watazamaji kupakua, kuchapisha na kunakili. Microsoft nayo ina hiari ya kuzuia upakuaji, na akaunti nyingi za kiofisi hukuwezesha kuweka tarehe ya mwisho ya kiungo. Itumie tarehe hiyo, maana mshauri aliyeajiriwa kwa mwezi mmoja hana sababu ya kuendelea kuona slaidi zenu mwaka unaofuata.

Halafu kuna historia ya matoleo, hazina inayosahaulika. Mali bila daftari hupotea bila habari, na historia ya matoleo ndiyo daftari la wasilisho: inaonyesha toleo lipi liliandikwa na nani, saa ngapi, na inakuruhusu kurudisha la zamani. SharePoint, kwa mpangilio wake wa kawaida, hutunza hadi matoleo 500 ya faili moja. Kwenye Google unaweza kulipa toleo jina, kwa mfano "Limepitishwa na menejimenti". Fanya hivyo kila kikao kinapofikia uamuzi. Ubishi wa "sisi hatukukubaliana hivi" unamalizika kwa kufungua ukurasa mmoja.

Kuna jambo moja ambalo programu hizi hazikupi kirahisi, nalo ni kumpa mtu ruhusa ya slaidi mbili tu ndani ya wasilisho lenye slaidi ishirini. Jedwali la Google Sheets linaweza kufungwa kwa sehemu. Google Slides haiwezi. Ikiwa mhasibu aandike fedha peke yake na daktari aandike afya peke yake, waandalie mafaili tofauti, kila mmoja awe mhariri wa lake, na mtu mmoja, mratibu, ayaunganishe kwenye faili kuu ambalo wengine wote wanalitazama tu. Inaonekana kama kazi ya ziada. Kwa kweli inaokoa muda, kwa sababu kosa likitokea kila mtu anajua lilikoanzia.

Milango ya nyuma

Unaweza kupanga ruhusa za faili kwa uangalifu mkubwa na bado likawa wazi. Sababu ya kwanza ni folda. Faili hurithi ruhusa za folda linamokaa, na kama folda ya idara ilifunguliwa kwa uhariri kwa watu thelathini miaka mitatu iliyopita, wote thelathini ni wahariri wa wasilisho lako jipya. Kabla ya kuliweka faili popote, angalia nani tayari ana ufunguo wa mahali hapo.

Sababu ya pili ni akaunti ya pamoja. Ofisi nyingi zina anwani moja ya barua pepe ya idara, ambayo nenosiri lake linajulikana kwa katibu muhtasi, maafisa watatu na kijana aliyekuja kwa mafunzo kwa vitendo. Kila badiliko linaandikwa kwa jina la idara. Historia ya matoleo inakuwa haina maana, na lawama inamwangukia aliye mdogo zaidi, hata kama hakugusa kitu. Kumpa kila mtu akaunti yake ni suala la usalama, na ni suala la haki pia.

Sababu ya tatu ni mtu aliyeondoka. Kijana wa mafunzo alimaliza miezi yake, mshauri alilipwa akaenda, afisa akahamishiwa mkoa mwingine, na majina yao bado yamo kwenye orodha ya wahariri. Na tatizo linaweza kwenda upande wa pili: wasilisho liliundwa kwenye Gmail binafsi ya aliyeondoka, yeye ndiye mmiliki, na akilifuta ofisi imelipoteza. Mafaili ya taasisi yaundwe kwenye akaunti za taasisi. Siku ya makabidhiano ya ofisi, orodha ya mafaili na ruhusa zake iwe mezani pamoja na funguo za kabati.

Mkubwa anapoomba kuhariri

Hadi hapa tumezungumza juu ya vitufe. Ugumu wenyewe uko kwa watu, na katika ofisi zetu unaanzia kwenye cheo. Afisa kijana ameandaa wasilisho, amelifunga vizuri, kisha linaingia ombi la mkurugenzi kutaka kuhariri. Kulikataa anaona ni utovu wa adabu, na kulikubali anajua takwimu zilizothibitishwa zinaweza kubadilika usiku kabla ya kikao.

Heshima na utaratibu vinaweza kukaa pamoja, mradi maelezo yatangulie kabla ombi halijaja. Ujumbe kama huu unatosha: "Shikamoo Mkurugenzi. Wasilisho liko tayari kwa maoni yako. Nimekuwekea nafasi ya kuandika pembeni mwa kila slaidi, na utakachoagiza nitakiingiza leo kisha nikurudishie ulione kabla ya kikao. Takwimu za slaidi ya nne hadi ya saba zimeshasainiwa na Mhasibu, kwa hiyo tumezifunga zisije zikatofautiana na taarifa yake." Mkurugenzi amepewa nafasi yake, tena ameondolewa kazi ya kuhangaika na visanduku vya maandishi kwenye simu. Na akiendelea kutaka kuhariri, mpe. Ofisi ni yake kuongoza na majibu ni yake kutoa. Kabla ya kumpa, lihifadhi toleo lililopo kwa jina na tarehe.

Kwa wakubwa nao nina ombi. Kubalini kuwa watoa maoni. Agizo lililoandikwa pembeni linabaki na jina lako na sababu yako, na vijana wako wanajifunza kutokana nalo. Sentensi iliyobadilishwa kimyakimya haifundishi mtu, na inawaacha wasaidizi wako wakikisia nani aliyeigusa.

Kwa wanaolingana, jambo la msingi ni kupanga mapema. Kumpandisha mtu kutoka mtazamaji hadi mhariri humfurahisha. Kumshusha humuumiza, hata kama hakuwa na haja ya uhariri. Basi anza na ruhusa ndogo. Katika kikao cha kwanza cha maandalizi, kabla hata slaidi moja haijaandikwa, tajeni kwa majina mhariri wa kila sehemu, mratibu, na siku ambayo kuhariri kutafungwa. Likishasemwa mbele ya wote, hakuna atakayelichukua kama tusi.

Yaliyofichika nyuma ya slaidi

Hata wasilisho lililofungwa vizuri linaweza kubeba lisilopaswa kubeba. Ukinakili chati kutoka Excel na kuipachika kwenye PowerPoint, unaweza kuwa umepachika kitabu kizima cha hesabu, pamoja na kurasa za mishahara ambazo hazionekani kwenye slaidi. Atakayepokea faili anaweza kukifungua. Bandika chati kama picha. Picha uliyoikata pembeni inaweza kuwa bado na sehemu zilizokatwa, mpaka uziondoe kwa kuibana picha. Maelezo ya msemaji, yale unayojiandikia chini ya slaidi, husafiri na faili na hata mtazamaji wa Google Slides anaweza kuyaona. Na mhariri wa Google huona matoleo ya zamani, pamoja na ulichokifuta jana.

Kwa hiyo, wasilisho linapotoka nje ya kamati, toa nakala safi. Nakala mpya ya Google haibebi historia ya ile ya asili, na PowerPoint ina kifaa cha "Inspect Document" kinachotafuta maoni, maelezo na taarifa zilizofichika. Siku hizi hili ni sharti la kisheria pia pale slaidi zinapobeba taarifa za watu. Kenya na Uganda zilitunga sheria za ulinzi wa taarifa binafsi mwaka 2019, na Tanzania mwaka 2022. Orodha ya wanafunzi wenye mikopo au wagonjwa wa kliniki fulani si pambo la slaidi.

Siku ya kufunga

Ushauri wangu wa mwisho ni wa ratiba. Siku moja kabla ya kikao, kwa saa mliyokubaliana, mratibu apitie orodha na kuwashusha wahariri wote kuwa watoa maoni. Alipe toleo hilo jina. Atoe PDF kwa wajumbe, na abaki na nakala moja kwenye flashi, maana mtandao hukatika. Kuanzia hapo, anayeona kosa anamwambia mratibu, na mratibu akilisahihisha anamwarifu atakayewasilisha, bila kujali kosa ni dogo kiasi gani.

Kikao kikiisha, orodha ipitiwe tena: nani bado anahitaji kuona, nani ameshamaliza kazi yake. Kisha kwa kila mhariri anayebaki, uliza swali lilelile: slaidi hii ikiulizwa kesho, yeye ndiye atakayejibu? Kama siye, mshukuru kwa mchango wake na umwachie nafasi ya kusoma na kutoa maoni.